Kulwa Magharibi, Doto Mashariki

Jumatatu, 14 Julai. Ngokolo

Asubuhi nzima stoo, nakunja waya za zamani. Zimejaa magunia manne. Mgongo unauma. Bosi wangu Mama Kulwa anasema hatuzihitaji tena. Mimi nilizipenda. Kila maiki ilikuwa na waya wake, na waya ukileta matata unaufuata kwa mkono mpaka unafika penye ugonjwa. Sasa sauti zote zinapita kwenye uzi mmoja mwembamba wa mtandao, na nani anamsikia nani linaamuliwa kwenye kompyuta. Huoni kitu. Unaamini tu.

Jedwali lenyewe si gumu. Juu wamepangwa wanaotuma sauti, pembeni wanaopokea. Unaweka alama ya vema pale wanapokutana, basi. Mtumaji mmoja anaweza kupelekea wapokeaji hata kumi. Mpokeaji anapokea kwa mmoja tu. Ukimpa wa pili, wa kwanza anafutika mwenyewe.

Maboksi mapya ya kuchomekea maiki ni mawili, yamefanana kila kitu. Mama Kulwa ana mapacha, Kulwa na Doto, wako darasa la tano, kwa hiyo na maboksi ameyapa majina hayohayo. Nimeyaandika kwenye kompyuta, na kwenye kibandiko nyuma ya kila boksi. Halafu leo kaleta vifuniko vya kitenge alivyoshona mwenyewe, sare, vya kuzuia vumbi, vina kamba za kukaza na matundu ya kupitishia waya. Amevikaza hasa. Nilicheka mpaka akanuna.

Jumamosi ni mashindano ya ngoma, nje kidogo ya Maganzo. Kamati imetukodi tuweke sauti pande zote mbili. Magharibi kundi la Baba. Mashariki Masunga na kundi lake la wachimbaji dhahabu kutoka Geita. Kwenye jedwali nimeweka Kulwa aende spika za magharibi, Doto aende za mashariki. Nimehifadhi.

Baba ni ningi, mtunzi na mwimbaji wa kundi lake, tangu mimi sijazaliwa. Masunga amemshinda miaka miwili mfululizo. Sauti ya Baba imeanza kukatika ikipanda juu. Ameniambia huu ndio mwaka wake wa mwisho. Fahali wa zawadi hamtaki. Anachotaka ni kujua kama watu bado wanamtaka yeye, au wanamwamkia tu kwa sababu ya mvi. Alisema hivyohivyo, anamenya muwa. Sikujua niangalie wapi.

Jumanne, 15 Julai. Maganzo

Tumefika saa tatu. Uwanja ni vumbi tupu na mabua ya mtama. Spika zimebaki uwanjani na mlinzi. Maboksi na kompyuta tutakuwa tunalala navyo gesti, tunarudi navyo asubuhi. Mgawanyo wetu wa kazi ni uleule: Mama Kulwa anapanga vyombo uwanjani na kuchomeka, mimi nakaa mezani katikati, chini ya turubai, naangalia kompyuta na miksa. Ana mgongo wa chuma yule mama. Mimi nina macho.

Baba kajaribu maiki. Sauti ikatoka spika zake, safi, na ule mkwaruzo wake ambao naujua tangu nabebwa mgongoni. Masunga kajaribu, ikatoka kwake. Mara moja tu, kila kitu sawa. Nimejisikia fundi.

Baba hakunisifu. Aliuliza tu sauti inafika mpaka wapi. Nikamwambia mpaka barabarani. Akaenda kusimama barabarani kuhakikisha, akamwacha kijana wa kundi aimbe. Karudi anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumatano, 16 Julai

Sielewi.

Baba kashika maiki, kaimba, sauti yake ikatoka mashariki. Kwa Masunga. Masunga naye kuimba, ikatoka kwa Baba. Wachimbaji wamecheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka pia, dakika moja.

Nikafuata waya kutoka maiki ya Baba mpaka kwenye boksi la upande wake. Umechomekwa vizuri. Nikafuata uzi wa mtandao mpaka mezani. Mzima. Kompyuta inasema Kulwa magharibi, Doto mashariki, kama nilivyoacha. Alama za vema zipo palepale, za kijani, zinanikodolea macho.

Mwisho nikakata tamaa ya kuelewa, nikageuza. Doto magharibi, Kulwa mashariki. Sauti zikarudi kwa wenyewe. Nikahifadhi.

Inafanya kazi lakini sijui kwa nini. Hali hiyo naichukia kuliko kitu kuharibika kabisa.

Wanawake wa kundi la Baba hawakucheka. Mmoja kasema sauti ya mtu haiondoki bure.

Alhamisi, 17 Julai

Imepishana tena.

Jana jioni ilikuwa sawa. Leo asubuhi nimewasha, sijagusa, Baba kaimba, mashariki. Nimebaki na mdomo wazi mbele ya watu.

Nimerudisha kama ilivyokuwa Jumanne. Ikakaa sawa. Sasa nijipange. Mpango wa kwanza ulikuwa sahihi Jumanne, ukawa makosa Jumatano, umekuwa sahihi Alhamisi. Mpango wa pili ulikuwa sahihi Jumatano, makosa leo. Mpango haujabadilika, mashine hazijabadilika. Kilichobadilika ni siku. Nimeandika haya kwenye karatasi nikayatazama wakati wote wa chakula, wali ukapoa.

Nilimuuliza Mama Kulwa kama ameigusa kompyuta. Akaapa kwa watoto wake wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Namwamini. Kompyuta anaiogopa. Hata simu yake anafunguliwa na Doto.

Nikahisi mtandao wenyewe una kichaa. Nikazima vyote, nikawasha kimoja kimoja. Nikabadilisha uzi. Nikabadilisha hata kile kiboksi kidogo kinachounganisha nyuzi zote. Sikupata kitu. Nimeshindwa na sitaki mtu ajue.

Habari imeshafika kijijini kwetu kabla yangu. Wanasema Masunga ameiiba sauti ya Baba kwa dawa. Kwenye mashindano ya ngoma dawa ni jambo la kawaida, kila kundi lina mganga wake na hakuna anayeficha. Siku zote nilikuwa nacheka. Leo sikucheka. Mimi mwenye cheti cha ufundi sina maelezo, na wao wanayo. Imeniuma.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya kuliko zote.

Jana nililala na kompyuta chini ya mto, nimeizima. Shingo bado imekaza. Asubuhi niliibeba mwenyewe mpaka mezani, sikumpa mtu hata aishike mkanda. Nikawasha. Alama za vema ni zilezile nilizoacha. Nikamwomba Baba aimbe.

Mashariki.

Nimeogopa, niandike tu ukweli, maana huku hasomi mtu. Nimeogopa kama mtoto.

Nikageuza, ikakaa sawa. Lakini Baba alikuwa ameshaweka maiki chini. Akaja mezani, akasimama upande wangu wa kushoto, akatazama kile kioo ambacho hakielewi. Akasema taratibu, "Mayu, wale watu wa Geita umewauzia sauti yangu?"

Ananiita mayu, mama, tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yake. Sijawahi kulisikia neno hilo likiwa baridi. Nikasema hapana, Baba. Akauliza, "Basi nani anaihamisha? Nani mwingine anajua kuitumia hii?" Kweli hakuna mwingine. Ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo.

Jioni kamati ikakaa. Masunga naye kalalamika, kwamba binti wa mpinzani ndiye anayeshika sauti yake, na haki yake iko wapi. Ana hoja. Wakaamua mambo mawili. Kwanza, kesho hakuna kujaribu maiki asubuhi. Waganga wa pande zote watazizindika kwa dawa zao na hazitaguswa mpaka ngoma ianze. Pili, kompyuta ifungwe. Nikawaambia inawezekana, mashine zikishaambiwa nani ampelekee nani zinakumbuka zenyewe hata kompyuta ikizimwa. Wakanikubalia haraka mno.

Basi imefungwa. Kifuniko kimezungushiwa selotepu, juu yake karatasi yenye sahihi ya Baba na sahihi ya Masunga. Kesho Mwalimu Shija wa kamati, mstaafu, atakaa kando yangu. Naruhusiwa kugusa miksa tu, kupandisha na kushusha pande zote kwa usawa.

Jioni ilikuwa sawa. Mungu, iachwe hivyo ilivyo.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kwenye ngazi za gesti. Bado naisikia sauti ya Baba.

Watu walikuwa wengi, uwanja ulimezwa. Kwetu ngoma haina majaji wa kugawa alama. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu wanakwenda wanakotaka. Wanahama, wanarudi, wanahama tena. Filimbi ya mwisho ikilia, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kila mtu ana miguu miwili tu, hawezi kusimama pande zote.

Saa tisa filimbi ya kwanza. Ngoma zikaanza, Baba akainua maiki. Sauti yake ikatoka mashariki.

Nilijua kabla haijafika masikioni. Sauti ya Masunga ikawa inatoka magharibi, ya Baba mashariki, na wote wawili wameshaanza, hakuna wa kusimamisha; katikati ya ngoma zao wenyewe hawakuweza kusikia spika zinatoa sauti ya nani. Nikaweka ukucha kwenye selotepu. Mwalimu Shija akaona. Nikamwambia sauti zimepishana, Mwalimu, niruhusu sekunde kumi. Akatazama Masunga, akatazama Baba, akasema, "Ukiichana hiyo, Kabula, hakuna atakayeamini kitu chochote leo. Wala wewe, wala baba yako."

Nikaondoa ukucha. Hilo nitaliandika mara moja tu: niliondoa.

Kisha watu wakaanza kuhama. Mwanzoni waligawanyika nusu kwa nusu. Baba alipoingia kwenye ule wimbo wake mpya, wa mwaka mtama ulipoliwa na ndege kwelea, sauti ikapanda pale inapokatikaga, na leo haikukatika. Ilikwaruza tu, ikapita. Nikaona migongo. Watu walimgeuzia Baba mgongo, mamia, wakamfuata yeye mwenyewe kwenye spika za upande wa pili. Wakasimama mbele ya wachimbaji wa Masunga wanaocheza na makarai kichwani, wakaangalia makarai, wakasikiliza Baba.

Waliokuwa karibu na Baba walikuwa ndugu zetu na watoto.

Aliimba mpaka mwisho. Alikuwa anaona migongo na anaimba. Filimbi ikalia. Fahali akaenda kwa Masunga. Masunga alimpokea akiwa ameinama, hakuruka kama mwaka jana. Nadhani naye amechanganyikiwa.

Baba alivua ngozi yake ya kuchezea, akaikunja, akaondoka kwa miguu bila kupita mezani kwangu.

Tukapakia. Nilikuwa nalia na kunyanyua vitu. Nikabeba boksi la magharibi, kamba ya kitenge ikakwama kwenye turubai, kifuniko kikavuka nusu. Nyuma kibandiko, mwandiko wangu: KULWA. Nikakaa chini. Jana jioni, kompyuta ilipofungwa, ilikuwa imeandika Doto magharibi. Na ilikuwa sawa. Basi jana hapa alikuwepo Doto.

Nikamuuliza Mama Kulwa boksi hili limefikaje upande huu. Akanishangaa, akasema, "Si leo zamu ya Kulwa? Jana alikaa Doto." Nikamuuliza zamu gani. Akasema mapacha hawapendelewi. Nyumbani kwake Kulwa akitangulia kuoga leo, kesho anatangulia Doto. Akinunua kiatu, viwili. Na haya maboksi, upande wa magharibi unapigwa na jua na vumbi la barabarani, si haki mmoja ateseke wiki nzima. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anawabadilisha. Hakuniambia kwa sababu hakuona kama ni la kuambiana. Hata watu hawaambiani kwamba wamenawa uso.

Kompyuta haijui magharibi wala mashariki. Inajua jina. Kulwa akiwekwa popote, sauti yake inakwenda ilikoagizwa. Kila asubuhi Mama Kulwa alihamisha maboksi, kila asubuhi mimi nikageuza jedwali, na kesho yake akahamisha tena. Tulikuwa tunakorogana siku nne, kila mtu anafanya kazi yake vizuri. Na vile vifuniko vya sare. Sikuwahi kufungua hata kimoja. Wiki nzima sikufungua.

Mama Kulwa alipoelewa alikaa kando yangu kwenye vumbi.

Jumapili, 20 Julai. Ngokolo

Sikwenda ibadani. Mama amepiga simu kutoka nyumbani. Anasema Baba amekunywa maji tu. Anasema amesema kuimba basi, watu wamempa jibu alilokuwa anauliza, na jibu ni migongo.

Nilimweleza Mama kuhusu maboksi. Akasema, "Sijakuelewa, lakini njoo." Nimejaribu kumweleza mara tatu. Kwa mdomo haielezeki. Kulwa, Doto, jedwali, zamu. Inasikika kama uongo wa mtu aliyekamatwa.

Najichukia kidogo. Mama Kulwa simchukii. Nimejaribu na imeshindikana.

Jumanne, 22 Julai. Nyumbani

Nimekuja na Mama Kulwa, na gari, na maboksi yote mawili, na spika mbili, na jenereta. Majirani walidhani kuna harusi. Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Mama Kulwa alipiga goti, akamwamkia, akamwomba msamaha kabla hajapewa kiti. Baba aliitikia marahaba kwa adabu, macho yapo kwenye jembe.

Sikueleza kitu. Spika moja nikaiweka mlangoni, nyingine kwenye zizi la ng'ombe. Nikavua vifuniko. Nikamwonyesha majina, Kulwa na Doto. Kusoma anasoma. Nikachomeka maiki kwa Kulwa, nikampa. Akakataa kuimba. Akasema tu, "Haya." Ikatoka mlangoni.

Halafu nikamwomba Mama Kulwa afanye kama alivyofanya uwanjani. Akabadilisha maboksi, Doto akaja kwetu, Kulwa akaenda kule. Kompyuta ilikuwa imefungwa, nimeikalia. Nikachomeka maiki ileile kwa Doto. Baba akasema, "Haya." Ikatoka zizini. Ng'ombe wakainua vichwa.

Akasema tena haya. Zizini. Akamwambia Mama Kulwa abadilishe. Mlangoni. Akabadilishisha mara tano, sita, yule mama anatoka jasho na halalamiki. Kisha Baba akakaa kwenye kigoda, maiki mapajani. Kuku wakapita.

Akauliza, "Jumamosi, kwenye zile spika za Masunga, ilikuwa inatoka sauti ya nani?"

"Yako, Baba."

"Muda wote?"

"Tangu filimbi mpaka filimbi."

"Basi wale watu waliohama, walikuwa wanakwenda kwa nani?"

Nikamwambia. Akanitazama kuona kama namfariji. Nadhani alishanisoma, maana uso wake ulifunguka taratibu, kuanzia machoni. Akamwita Mama aje asikie. Akanirudishia swali mbele ya Mama, neno kwa neno, nami nikajibu neno kwa neno. Akamfanya Mama Kulwa naye ajibu.

Nikasema nitakwenda kwenye kamati, Mwalimu Shija atanielewa, wanaweza kurudia. Akatikisa kichwa. "Acha, mayu. Mwache Masunga na fahali wake. Akijua watu walimwendea nani, atalalaje yule kijana?"

Jumatano, 23 Julai. Nyumbani

Nimebaki siku moja zaidi. Mama Kulwa amerudi mjini na gari. Tumekubaliana: zamu zitaendelea, hilo haliachi, lakini majina yatashonwa kwa uzi mweusi juu ya vifuniko, herufi za ukubwa wa kiganja, na kila asubuhi ataniambia nani yuko wapi kabla sijaketi. Amesema atamshonea Kulwa leo. Kisha akajirekebisha, akasema wote leo.

Nimeamka mapema kumsaidia Mama kuchota maji. Baba alikuwa zizini anakamua, anaimba ule wimbo wa kwelea, kwa sauti ndogo. Palepale panapokatikaga pakakatika. Akarudia, pakakatika tena. Akacheka peke yake, akaendelea kukamua.

Nilisimama na ndoo nikimsikiliza, kisha nikaenda kisimani.